Msichana Niliyemshonea Magauni ya Barafuni

Aliyeingia kwanza alikuwa mama yake. Alisimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea pale Randburg, akainama kidogo, akalaza mezani gauni dogo la bluu lililochanika ubavuni. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na changu siku zile hakikuwa cha kujivunia, kwa hiyo tukabaki tunatabasamiana. Ndipo mtoto akachungulia nyuma yake, msichana wa miaka kumi hivi, nywele zimefungwa kisogoni, goti lina plasta.

"Lilichanika nilipoanguka," alisema. "Shindano ni Jumamosi."

Nilidhani ni gauni la dansi. Nikaliziba kwa uzi ule ule niliotumia kwenye sare za shule, nikalipiga pasi, nikampa. Siku ya pili wakarudi. Mshono wangu ulikuwa umekatika wote, kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Nilizunguka mara moja tu," msichana alisema kwa upole, kama anayeniomba radhi kwa kosa langu.

Fundi mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi ambaye tunachangia chumba hadi leo, yeye na suti zake za maharusi na mimi na magauni yangu, aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mama," akaniambia, "huyu mutoto anazunguka namna gani? Wende ukamuangalie kwanza."

Basi nikaenda. Uwanja wa barafu ulikuwa ndani ya jumba la maduka, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na mimi nilikuwa nimenunua sabuni na mchele humo miaka yote bila kujua kwamba kuna mahali watu wanavaa visu chini ya viatu na kuteleza. Nilizaliwa Morogoro. Barafu kwangu ilikuwa kitu cha kutia kwenye maji ya ukwaju. Mume wangu ni mwenyeji wa hapa. Alikuja kwetu kijana, mkimbizi wa siasa, akajifunza Kiswahili, akanioa, na nchi yake ilipofunguka tukaja kuishi kwao. Johannesburg ilinifunza mengi, ila hilo la barafu lilikuwa limenipita.

Ndani kulikuwa na baridi ya jokofu. Watoto waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao walishikilia ukuta, wakipiga kelele na kuangukiana. Katikati yao, yule msichana alikuwa akipita kinyumenyume kwa kasi iliyonifanya nishike kifua. Kocha wake, mama wa Kikaburu mwenye sauti nzito na chupa ya kahawa kwapani, alimpigia kelele neno moja, na mtoto akaruka. Akazunguka hewani, akashuka kwa mguu mmoja, kisu kikakosa barafu, akaanguka kwa nyonga. Akainuka, akajipangusa, akarudia. Akaanguka tena pale pale. Alipoanguka mara nyingine sikuweza kujizuia.

"Basi jamani, imetosha!" nikapiga kelele kwa Kiswahili.

Kocha akageuka, akacheka. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama," akaniambia. "Wanajifunza kuanguka kwanza."

Nilikaa hadi mwisho, miguu imekufa ganzi, nikitazama kitambaa kinavyovutika mgongoni anapokunja mikono kifuani ili azunguke haraka. Nikaelewa kwamba gauni lile halikutaka uzi mgumu. Lilitaka mshono unaonyumbuka pamoja na kitambaa, unaokwenda naye na kurudi naye. Usiku huo nilifumua kazi yangu yote, na Jumamosi msichana aliteleza bila gauni kuchanika. Alishika nafasi ya pili. Jumatatu aliniletea boksi la biskuti lililofungwa kwa karatasi nzuri kiasi kwamba nilishindwa kuichana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wake. Baba yake alikuwa mhandisi wa mashine, kampuni ilimleta Johannesburg kutoka Japani kwa miaka michache, na mama yake hakuwa na ndugu wala jirani wa kuzungumza naye. Mtoto akimaliza mazoezi alikuja kwangu kumsubiri baba yake atoke kazini. Alifanyia masomo ya nyumbani kwenye ukingo wa meza yangu ya kukatia, kati ya mabaki ya vitambaa, na alikula chochote nilichopika: maharage ya nazi, chapati, hata mlenda, ambao aliusifu kuliko wanangu walivyowahi kuusifu. Mama yake akaanza kuleta wali uliofinyangwa mviringo na kuviringishwa kwenye majani meusi ya baharini. Fundi mwenzangu aliuonja kwa mashaka, kisha akawa anauulizia kila Ijumaa.

Kati yetu tulizungumza Kiingereza, lakini neno moja la Kiswahili lilimkaa tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba kwetu mtoto humwambia mkubwa "Shikamoo," na mkubwa hujibu "Marahaba." Akafurahi sana. Kwao nao wana heshima zao za kuinama, basi akaviunganisha vitu viwili: akiingia, anainamisha kichwa hadi usawa wa meza, "Shikamoo, Mama." Wanangu mwenyewe, waliozaliwa hapa, wananielewa nikisema Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza au Kizulu, na shikamoo yao ilishakufa zamani. Kuna siku binti yangu mkubwa alikuta ile salamu ikitolewa, akaona haya, akanisalimu na yeye. Nilijifanya sikushangaa.

Mtoto alipanda haraka. Kila shindano la watoto wa rika lake alilokwenda, Johannesburg, Pretoria, Cape Town, alirudi na medali, na kwa kila msimu mpya nikamshonea gauni jipya. Niligundisha vito vidogo vya kung'aa kimoja kimoja kwa kibano, kisha nikalikung'uta gauni kama mkeka, kwa sababu kocha alinionya kwamba kito kikidondoka kwenye barafu kinaweza kumwangusha mtoto anayefuata. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu hakukuwa na msichana wa umri wake nchini wa kumfikia.

Siku moja tulisherehekea medali yake nyumbani kwetu. Mume wangu, ambaye hapendi mtu asifiwe kupita kiasi, alimnyooshea kipaja cha kuku na kusema kwa Kiswahili chake cha Morogoro, "Hongera, binti. Ila jogoo la shamba haliwiki mjini."

"Anasemaje?" msichana akaniuliza.

Nilimkata mume wangu jicho. "Hasemi kitu. Kula."

"Nasema kweli," mume wangu akaendelea, safari hii kwa Kiingereza. "Jogoo wa kijijini ana sauti kubwa kwao. Mjini kuna majogoo wengi." Aliponiona uso akatulia. "Eish. Ni methali tu."

Msichana hakukasirika. Aliweka kipaja chini, akajifuta vidole. "Ni kweli," akasema. "Hapa mimi ni wa kwanza kwa sababu tuko wachache. Kule nyumbani wanaoruka kunishinda wanaujaza uwanja."

Ndipo akasimulia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Kabla hawajaja Afrika, kocha wa kule alimwambia mama yake kwamba mtoto ni mzuri, ana bidii, lakini afadhali atafutiwe mchezo mwingine. Mama yake hakumwambia. Alisikia mwenyewe, akiwa amejificha nyuma ya mlango wa chumba cha kuvalia viatu.

"Nilikuwa na miaka minane," alisema, akaendelea kula.

Mwaka uliofuata mkataba wa baba yake uliisha. Kocha wake hapa alikuja hadi kwangu kunishawishi nimshawishi mtoto. Angeweza kubaki, alisema, angeishi naye nyumbani kwake, na angeteleza kwa jina la Afrika Kusini; angesafiri, angeonekana duniani. Akienda Japani atapotea kwenye umati. Nilimwelewa kabisa, maana moyo wangu mwenyewe ulisema hivyo hivyo.

Msichana alikuja jioni ile kujaribu gauni. Alisimama juu ya kigoda nikimpachika pini kiunoni, mama yake ameketi pembeni.

"Mama," akaniambia, "wewe unataka nifanyeje?"

Pini zilikuwa mdomoni. Nilizitoa kwanza. "Mimi nataka ubaki," nikasema. "Nimekuzoea. Lakini mimi nakutakia mema yangu. Wewe unajitakia nini?"

Alijitazama kwenye kioo. "Nataka kujua," akasema. "Yule kocha wa zamani alisema kweli au hakusema. Nikibaki hapa sitajua kamwe."

Mama yake hakuyaelewa maneno yote, lakini alielewa sauti. Aligeuza uso dirishani.

Uwanja wa ndege tuliwasindikiza mimi, mume wangu, kocha na fundi mwenzangu, aliyevaa suti kamili kama anakwenda kufunga ndoa. Mtoto alinipa shikamoo pale katikati ya watu na masanduku yao, akainama na kubaki ameinama, hadi msafiri mmoja akasimama kuangalia kama ameangusha kitu. Nikamwitikia marahaba.

Kule alikwenda kuishi na bibi yake, mama wa mama yake, katika mji wa kaskazini wenye theluji na uwanja mzuri. Aliniandikia kwenye simu kwamba anaamka kabla ya jua, anateleza, anakwenda shule, anateleza tena. Aliniambia majina ya mikao na miruko ambayo sikuwahi kuyashika. Kisha likaja shindano lake la kwanza la mkoa. Nilikuwa kwenye teksi, daladala za huku, nikitoka mjini kununua zipu aliponipigia.

"Ilikuwaje?" nikauliza.

"Jogoo hakuwika," akasema kwa Kiswahili, maneno niliyomfundisha baada ya ile methali, akacheka. Halafu kicheko kikakatika, nikasikia anavuta pumzi. Alianguka mwanzoni, akaanguka katikati, na mwishoni akasahau hatua. Alikuwa karibu na mkiani kabisa. Abiria wenzangu walinisikia nikimbembeleza mtoto kwa lugha wasiyoijua, kama nimempakata. Dada mmoja aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa cha karatasi, na sikujua kwamba na mimi nalia.

Hakuacha. Msimu uliofuata akapanda kidogo, na uliofuata tena kidogo. Halafu, katika mazoezi ya kawaida tu asubuhi moja, alishuka vibaya kutoka kwenye mruko akavunjika kifundo cha mguu. Wakampasua, wakamtia vyuma. Habari hiyo nilipewa na mama yake kwa maneno machache ya Kiingereza. Yeye mwenyewe alinyamaza. Nilimtumia picha za vitambaa, za paka wa duka la simu lililo chini yetu, za fundi mwenzangu amelala juu ya cherehani. Alikuwa anazifungua, naona alama, lakini hajibu. Miezi ikapita hivyo. Mume wangu alianza kuniuliza kila asubuhi, kabla hata ya chai, "Binti kasema neno?"

Siku aliyosema, alisema moja kwa moja. "Mama, nishonee gauni."

"La shindano gani, mwanangu?"

"Sijui. Bado natembea kwa mkongojo. Lishone tu."

"Rangi gani?"

Akafikiri. "Unakumbuka majani ya kando ya barabara kuu huko, mwezi wa saba? Yale yaliyokauka, jua likiyapiga asubuhi. Hiyo."

Nilikumbuka. Wakati wa baridi Johannesburg yote hugeuka rangi hiyo, si njano, si kahawia, si dhahabu, na sisi wenyeji tunaipita bila kuitazama.

Tatizo lilikuwa vipimo. Niliyemjua alikuwa mtoto, na sasa alikuwa msichana mkubwa. Tukakubaliana kwamba bibi yake ampime mbele ya simu, mimi nikielekeza. Nilipofungua video, bibi alikuwa amekwisha kujipanga, amevaa aproni safi, ameshika futikamba kwa mikono miwili. Alikuwa mzee kuliko mimi, basi nikamsalimu kama inavyopasa, "Shikamoo, Bibi." Yule bibi akajiweka sawa, akanitazama, akajibu kwa uso usio na mzaha hata chembe:

"Marahaba."

Nyuma yake nikamwona msichana ameegemea mkongojo, anacheka hadi machozi. Miezi ile yote sikuwa nimeiona sura hiyo.

Bibi hakujua Kiingereza wala Kiswahili zaidi ya neno hilo, na mjukuu alikuwa anacheka mno hata hawezi kutafsiri. Nikamsimamisha fundi mwenzangu mbele ya kamera awe kielelezo. Mtu mzima, baba wa watoto, shemasi kanisani kwake Troyeville, akanyoosha mikono pande zote nikampima kifua, na kule bibi akampima mjukuu vile vile. Nikapita kiunoni, bibi akapita kiunoni. Nilipofika kipimo cha kutoka begani, kupita katikati ya miguu, na kurudi begani, ambacho gauni la barafu haliwezi kushonwa bila hicho, fundi mwenzangu akakunja mikono.

"Hapana, Mama. Hapo apana."

Bibi aliona anavyokataa akaelewa yote, akaziba mdomo kwa aproni. Kipimo hicho tulikipata kwa kuchora kwenye karatasi.

Rangi ile niliitafuta mjini siku nzima, duka hadi duka, kwa Wahindi, kwa Wachina, kwa Waethiopia kwenye vyumba vya ghorofani, na sikuipata. Nikanunua kitambaa cheupe cha kuvutika, nikaenda kwa mama muuza vitunguu barabarani nikamwomba maganda makavu. Shangazi yangu Morogoro alitia ukili rangi kwa maganda ya miti, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya sufuria yake utoto wangu wote. Nilichemsha, nikachovya kipande, nikakianika. Kikawa njano sana. Nikapunguza, nikachovya tena. Hatimaye kipande kimoja kilikauka dirishani asubuhi, fundi mwenzangu akaingia, akasema tu, "Ndiyo ile." Sikutia vito. Nilikata vipande vyembamba vyembamba kwenye sketi, vyenye urefu tofauti, ili akipita kwa kasi vilale upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo.

Gauni likaenda kwa ndege. Akaniandikia kwamba amelitundika ukutani mbele ya kitanda, na kwamba bibi yake amekataza mtu yeyote kulishika kabla ya kunawa mikono.

Alirudi kwenye barafu taratibu. Mwanzoni aliruhusiwa kuteleza tu bila kuruka, na ni msimu huo, kocha wake mpya alimwambia, ndipo alipojifunza kuteleza hasa. Zamani alikuwa akikimbilia miruko. Mwaka ule alikuwa anamaliza shule ya sekondari. Akashindana mkoani na kupita, akashindana kwenye hatua iliyofuata na kupita akiwa wa mwisho kati ya waliopita, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaingia shindano la taifa zima la Japani.

Kule ilikuwa jioni, kwetu ilikuwa saa za mchana. Mume wangu alikuja kazini kwangu na simu yake yenye kioo kikubwa, tukaisimamisha kwa kuiegemeza kwenye mkasi. Kocha wake wa hapa naye alikuja, na chupa yake ya kahawa. Mteja mmoja aliyefuata suruali aliambiwa asubiri, akaketi akatazama nasi.

Akatokea. Sikumtambua kwa sura kwanza, nilitambua gauni. Kwenye barafu nyeupe, chini ya taa zile, rangi ilikuwa yenyewe hasa. Alisimama katikati, mikono chini, na nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo.

Muziki ukaanza. Mruko wa kwanza alishuka sawasawa, kocha akapiga meza ngumi na simu ikaanguka. Tulipoisimamisha tena alikuwa anapita pembeni kwa mguu mmoja, ule ule uliotiwa vyuma, umekunjwa kidogo, mwingine umenyooka nyuma, na vipande vya sketi vimelala vyote upande mmoja. Mruko mmoja ulimponyoka, akauzungusha nusu tu badala ya kuumaliza, lakini alishuka amesimama. Hakuanguka hata mara moja. Alipomaliza alifunika uso kwa viganja, kisha akainamia pande zote nne za uwanja.

Hakushinda. Hakuwa hata karibu na medali. Alimaliza katikati ya kundi, na walioshinda walikuwa wasichana wadogo kuliko yeye waliofanya mambo ambayo macho yangu hayakuweza hata kuyafuata. Alitupigia kabla hajavua viatu, jasho linamtiririka.

"Mmeona?"

"Tumeona," nikasema.

Mume wangu akainamia simu. "Binti," akamwambia, "mimi ni mzee mjinga. Nisamehe na methali zangu."

"Baba, ilikuwa methali nzuri," akajibu. "Ilinikasirisha vizuri." Halafu akageukia upande wangu. "Mama, yule kocha wa zamani alikuwepo. Yuko na mwanafunzi wake. Alinifuata akaniambia gauni langu ni zuri."

"Hilo tu?"

"Na kwamba nateleza vizuri. Hanikumbuki kabisa, Mama. Hajui hata kama ni mimi." Akacheka, safari hii hadi mwisho. "Na mimi sikumwambia."

Ameendelea kushindana akiwa chuoni, msimu mmoja vizuri, mwingine ovyo, na hajawahi kutumwa nje kwa jina la nchi yake. Anasema mwaka huu ndio wa mwisho kwake kwenye mashindano, kifundo kinamwuma kukiwa na baridi, na huko baridi ndiyo hali ya kawaida. Jumamosi anafundisha watoto wadogo, wale wanaoanza, ambao makocha wakubwa hawawataki. Wiki iliyopita alinitumia video ya mmoja wao, msichana mnene wa miaka saba mwenye meno yaliyong'oka, anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka, na sauti ya mwalimu wake nyuma ya simu inamhimiza. Anataka nimshonee mtoto huyo gauni. Vipimo amevichukua bibi, ambaye siku hizi anajiona fundi kamili. Nilivisoma, nikampigia msichana wangu kumwambia kiuno hakiwezi kuwa kikubwa kuliko kifua, bibi amrudie mtoto ampime upya, na safari hii asimpime akiwa na koti.